Shamba liko Ekalakala, mkopo wa nyumba uko wapi?

Swali hili tuliletewa na mteja wetu mmoja wa Ekalakala, kule Masinga katika Kaunti ya Machakos. Ni mama anayenunua ndengu kwa wakulima na kuziuza Matuu. Kijana wake ameajiriwa kama mlinzi Thika kwa mshahara wa Sh24,000, na kila mwezi payslip inaonyesha amekatwa Sh360 za ushuru wa nyumba. Mama akatuuliza hivi: "Nyinyi watu wa simu mnajua mambo ya pesa. Mtoto wangu anakatwa hii pesa ya nyumba kila mwezi. Mimi nina shamba, nimechoma matofali elfu nne, yako pale. Sasa nikiitisha hiyo nyumba, wataniletea huku ama?"

Tulimjibu, "Mwaitu, hapana, si kwa njia hiyo." Lakini jibu fupi namna hiyo halimsaidii mtu, na swali lake tunalipata kutoka kwa wateja wengi walio na kiwanja cha kujengea lakini hawana pesa za kujenga. Kwa hivyo leo tunalijibu vizuri: mkopo wa nyumba unaoungwa mkono na serikali ni upi, nani anastahili, na kwa nini mtu wa mashambani huambiwa arudi nyumbani hata kama analipa madeni yake vizuri.

Ushuru si akiba

Tuanze na ile Sh360, kwa sababu hapo ndipo wengi wanachanganyikiwa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024, baada ya Mahakama Kuu kusema mwezi Novemba 2023 kwamba ushuru wa kwanza ulioletwa na Sheria ya Fedha ya 2023 haukufuata Katiba. Sheria mpya inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na mwajiri naye analipa asilimia 1.5 juu yake. Asiyeajiriwa pia anatajwa: mapato yake yanatozwa kiwango hicho hicho.

Pesa hiyo inakusanywa na KRA. Haina jina lako mbele ya safari. Kijana wa huyu mama akikatwa mwaka mzima ni Sh4,320, na hata akikatwa miaka kumi hakuna akaunti mahali fulani inayosema "hizi ni za huyu, mjengee mama yake." Ni ushuru kama ushuru mwingine. Kinachohesabiwa kama akiba yako ni ile pesa unayoweka mwenyewe kwa hiari baada ya kujiandikisha Boma Yangu, ambayo ni tovuti ya serikali ya kuombea nyumba hizi: bomayangu.go.ke. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na ukivichanganya utakaa ukingoja kitu ambacho hakuna aliyekuahidi.

Boma Yangu ni ya nani?

Sheria inawagawa watu kwa mapato ya mwezi. Anayepata chini ya Sh20,000 yuko katika kundi la nyumba za kijamii. Kati ya Sh20,000 na Sh149,000 ni nyumba nafuu. Zaidi ya hapo ni nyumba za watu wa tabaka la kati. Unatakiwa uwe umefikisha miaka 18, uwe na kitambulisho na PIN ya KRA, na mtu mmoja hupewa nyumba moja tu. Malipo ya kwanza yaliyotajwa katika sheria ni asilimia 10 ya bei ya nyumba. Masharti kama haya hubadilishwa, kwa hivyo yasome kwenye tovuti yenyewe siku ile unayotaka kuanza, usitegemee uliyoambiwa na jirani mwaka jana.

Kwa kundi la chini, malipo ya mwezi si mabaya. Mukuru, Nairobi, ambako nyumba za kwanza 1,080 zilikabidhiwa wenyewe mwezi Mei 2025, chumba kimoja kilitangazwa kwa malipo ya chini ya Sh4,000 kwa mwezi. Mtu aliyekuwa akilipa kodi ya mabati huko anaelewa maana yake.

Lakini nyumba hizo zinajengwa kwenye ardhi ya umma, kwa gorofa, mahali palipo na watu wengi. Machakos hii yetu, miradi mikubwa iko upande wa Mavoko, karibu na Nairobi. Mtu wa Ekalakala akipata nyumba Mavoko atakuwa amepata nyumba, ndiyo, lakini ndengu, mbuzi na wateja wake watabaki nyuma. Sheria inataja pia nyumba nafuu za mashambani kama kundi la pekee, na ukisikia mpango wa kujenga mashambani umetangazwa chini ya sheria hiyo, uangalie kwa macho yako kwenye tovuti rasmi. Shida ya huyu mama haikuwa kukosa pa kukaa Mavoko. Yeye anataka slabu, kuta, na paa kubwa litakalokinga maji ya mvua, pale pale kwake.

Hilo la maji tusilipite haraka. Masinga ndiko kuna bwawa kubwa la mto Tana lililokamilika mwaka 1981, ambalo husaidia kuwasha taa za Nairobi, na bado kuna watu wa huko huko wanaonunua maji kwa mtungi wa lita 20 au kutuma punda kisimani. Mvua ni mara mbili kwa mwaka, na ile ya kutegemewa Ukambani ni ya Oktoba hadi Desemba. Mwenye paa la mabati, mifereji na tangi anajaza maji mvua hiyo ikinyesha. Mwenye nyumba ndogo ya paa bovu anayaona yakipita. Kwa hivyo mtu wa mjini akisikia "nyumba bora" anafikiria vigae vya sakafuni, lakini Ekalakala nyumba bora ni maji ya miezi kadhaa, ni mahali pa kuweka magunia ya ndengu yasipatwe na wadudu, ni mtoto kusoma usiku bila moshi wa koroboi.

Mikopo ya kujenga kwako mwenyewe

Kuna njia mbili zenye mkono wa serikali ambazo mwenye shamba anaweza kuziuliza.

Ya kwanza inapitia kwa KMRC, Kampuni ya Kenya ya kufadhili upya mikopo ya nyumba, iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020. Serikali ina hisa ndani yake pamoja na benki na sacco. Usiende kwao kuomba mkopo, hawakopeshi mtu binafsi. Wao huzipa benki na sacco pesa za muda mrefu kwa riba nafuu, nazo zinakukopesha wewe kwa riba ya chini ya asilimia 10. Ukienda kwenye sacco yako swali la kuuliza ni hili: "Mnatoa mkopo wa nyumba unaotoka KMRC? Unahusu kujenga shambani, ama kununua tu nyumba iliyokamilika?" Uliza hivyo hivyo, kwa sababu si kila tawi litakueleza bila kuulizwa.

Hapa kuna jambo ambalo lilitufanya tucheke kidogo. KMRC ilipoanza, kiwango cha juu cha mkopo kilikuwa Sh4 milioni kwa eneo la jiji la Nairobi na Sh3 milioni kwa kaunti nyingine. Viwango vimepandishwa baadaye, lakini angalia kile walichokiita eneo la jiji: Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos. Machakos yote. Yaani kwenye karatasi, boma la mbuzi la Ekalakala lilikuwa ndani ya jiji.

Marekani wanafanya kinyume. Wana mpango wa mikopo ya nyumba za mashambani ulioanza na sheria ya nyumba ya 1949, na unasimamiwa na Wizara ya Kilimo. Swali la kwanza huko ni mahali: nyumba iko kwenye eneo linalohesabiwa kuwa la mashambani au la? Ikiwa ndiyo, na mapato yako ni madogo, unaweza kukopeshwa bila malipo ya kwanza. Yaani kule kuishi mbali na mji ndiko kunakufungulia mlango.

Njia ya pili ni Shirika la Taifa la Nyumba, NHC, ambalo limekuwepo tangu miaka ya 1960. Wengi wanalijua kwa mitaa yake ya mjini, lakini lina mpango wa mikopo kwa mtu anayejenga au kuboresha nyumba yake mashambani au pembezoni mwa mji. Wanataka kuona umiliki wa ardhi, ramani ya nyumba iliyoidhinishwa, makadirio ya gharama za ujenzi, na uthibitisho wa mapato.

Ukisoma masharti ya njia zote mbili utaona mambo mawili yanarudi: shamba ni la nani, na mapato yako yanaonekana wapi. Mwisho wa 2023, nchi nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba kama 30,000 tu katika benki, na Kenya ina kaya zaidi ya milioni 12. Si kwamba Wakenya wengine wote hawalipi madeni. Wengi wao hawawezi kujibu maswali hayo mawili kwa karatasi.

Shamba la babu

Tulimwuliza mama: hati miliki ina jina la nani? Akanyamaza kidogo. "Ni la baba ya mzee." Yaani baba mkwe, aliyefariki zamani. Mume wake naye amefariki. Hati iko ndani ya sanduku, imehifadhiwa vizuri kabisa, na kwa mkopo haina kazi, kwa sababu aliyetajwa ndani yake hawezi kutia sahihi.

Hii ndiyo hali ya mashamba mengi Ukambani. Kila mtu anajua mpaka wa kila mtu, pale kwenye mti wa muuku na pale kwenye jiwe. Hakuna ugomvi. Ndugu wanne wanalima sehemu nne kwa amani miaka thelathini. Lakini kwa masjala ya ardhi hilo ni shamba moja la marehemu mmoja.

Kulisafisha jina kunapitia mirathi, na haihitaji ugomvi wowote ili kuanza. Mnaenda kwa chifu kuchukua barua inayotaja warithi wote. Tunasema wote: sheria ya mirathi haitofautishi mtoto wa kike na wa kiume, na binti aliyeolewa Kitui ni mrithi vilevile. Barua inayomficha mtu ndiyo huleta kesi baadaye. Na barua hiyo mnapeleka kortini pamoja na cheti cha kifo. Notisi inachapishwa katika Gazeti rasmi la serikali na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Mkipewa hati ya kusimamia mirathi, mnangoja kwa kawaida miezi sita kabla ya kuomba ithibitishwe, na ni hati iliyothibitishwa ndiyo inayoonyesha nani anapata kipande kipi. Baadaye ni mpimaji ardhi wa kugawa, kibali cha bodi ya ardhi ya eneo, na hati mpya masjalani.

Hesabu mwaka mmoja kama mambo yote yanakwenda sawa, na mara nyingi ni zaidi. Gharama kubwa mara nyingi ni mpimaji, si korti. Ndugu wakichanga pamoja, kila mmoja anatoka na hati yake kwa pesa kidogo kuliko kila mtu kwenda peke yake. Tumeona familia zikifungua kikundi cha kuchanga kwenye simu kwa kazi hii tu, kila mmoja akiona aliyetoa na ambaye bado, na maneno ya "mimi nilitoa nyingi" yakapungua.

Kama hati tayari ina jina lako, bado kuna mambo. Fanya utafutaji rasmi kabla ya benki kuufanya, uone kama kuna deni la zamani au zuio lililosahauliwa juu ya shamba. Shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya ardhi kabla ya kuwekwa dhamana. Na kama umeoa au umeolewa na hapo ndipo nyumbani kwenu, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mwenzako akubali kwa maandishi. Mzee akiweka boma rehani kimyakimya bila mama kutia sahihi, dhamana hiyo haisimami. Wakopeshaji wanajua hilo, kwa hivyo watamwita mama. Ni vizuri akisikia habari nyumbani kwanza.

Pesa yako ionekane

Sasa tuje kwa sehemu inayotuhusu sisi. Mlinzi wa Thika ana payslip. Mama yake, ambaye kuna miezi anapokea pesa nyingi kuliko yeye, hana kitu cha kuonyesha isipokuwa simu. Kwa hivyo taarifa ya miamala, ile watu huita stetimenti, ndiyo payslip yake.

Tuliifungua pamoja, kwa ruhusa yake, na ikatufundisha. Wanunuzi wa Matuu humtumia kwa simu. Yeye huzitoa zote siku hiyo hiyo kwa wakala na kuwalipa wakulima pesa taslimu. Kwa hivyo Februari, ndengu zikiwa tele, mtu wa mkopo anaona Sh210,000 zikiingia na Sh210,000 zikitoka kama pesa za kutoa. Anaweza kufikiria huyu mama ni tajiri anayekula pesa zote, au kwamba si pesa zake. Ukweli ni kwamba Sh178,000 zilikwenda kwa wakulima, Sh9,000 kwa magunia na usafiri, na faida ni Sh23,000. Mei, faida ilikuwa Sh4,000.

Kuna vitu vinavyosaidia hapa. Laini iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji haithibitishi chochote juu yako. Biashara iwe na tili au namba yake, na matumizi ya nyumbani yabaki kwenye laini nyingine. Walipe wakulima kwa simu pale inapowezekana, ili gharama zionekane kuwa gharama. Hapo lazima tuseme wazi: ukituma kwa simu sisi tunapata ada, kwa hivyo usichukue neno letu tu. Piga hesabu. Kama ada itakula faida yako, endelea na pesa taslimu lakini weka daftari lenye tarehe, jina na kilo, kisha ulipeleke pamoja na stetimenti. Daftari lililochakaa kwa kazi ya kila siku huaminika kuliko lile lililoandikwa usiku mmoja kwa kalamu moja.

Omba taarifa ya miezi 12, si 3. Mtu wa Ekalakala akipeleka ya miezi mitatu ya kiangazi anajiharibia, na akipeleka ya mavuno pekee anakopeshwa mkopo ambao Juni hataweza kuulipa. Na usijitumie pesa kutoka laini yako moja hadi nyingine ili mapato yaonekane mengi. Wanaosoma hizi taarifa kila siku wanaliona hilo dakika ya kwanza. Wanaona pia kamari.

Kuna CRB pia. Una haki ya kupata ripoti yako ya mikopo bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa ofisi zilizo na leseni, ambazo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Itafute kabla ya kuomba mkopo mkubwa. Mara nyingi kinachomzuia mtu ni mkopo mdogo wa simu aliousahau alipobadilisha laini. Ulipe, kisha uhakikishe ripoti imebadilishwa.

Hesabu ya huyu mama

Faida yake ya mwaka mzima ilikuwa Sh168,000, sawa na Sh14,000 kwa mwezi. Kwa mfanyakazi, Sheria ya Ajira inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa mtu wa biashara ya msimu tungesema akae chini zaidi ya hapo: theluthi moja ya faida iende kwa mkopo, isizidi. Kwake hiyo ni karibu Sh4,600 kwa mwezi.

Mkopo wa Sh1 milioni kwa riba ya asilimia 9.5, kwa miaka 15, unalipwa karibu Sh10,440 kila mwezi. Mkopo huo huo kwa asilimia 15 ni karibu Sh14,000. Miaka 15 ikiisha tofauti ni kama Sh640,000, ndiyo maana tunasumbuka kutafuta huo wa KMRC. Kwa Sh4,600 anaweza kubeba takriban Sh440,000 kwa riba ya asilimia 9.5. Hapo bado hatujataja wakili, mthamini wa ardhi, ushuru wa stempu na bima, ambazo hulipwa mwanzoni na hazisamehewi kwa sababu mkopo ni mdogo.

Sh440,000 haijengi nyumba yote. Lakini mwenye matofali elfu nne, mchanga wa karibu na fundi wa kijijini anaweza kufika mbali nayo. Na kwa kiasi kama hicho, tulimwambia jambo ambalo huenda hukulitarajia: pengine asichukue mkopo wa nyumba. Sacco nyingi hukopesha mara 3 ya akiba kwa wadhamini bila kugusa hati ya shamba. Akifikisha akiba ya Sh147,000 hivi, anaweza kuitisha kiasi hicho. Riba itakuwa juu kidogo na muda mfupi, kwa hivyo malipo ya mwezi ni makubwa, na kwa Sh4,600 zake itabidi akope kwa vipande: slabu na kuta kwanza, amalize kulipa, kisha paa. Ndivyo nyumba nyingi za Ekalakala zilivyojengwa tangu zamani. Kitu anachobaki nacho ni shamba ambalo hakuna mtu anayelishikilia.

Mambo yakiharibika

Hilo la shamba kushikiliwa watu hulisema kwa sauti ya chini, kwa hivyo acha tulitaje sisi. Ukiweka hati dhamana na ushindwe kulipa, shamba linaweza kuuzwa. Haliuzwi kesho yake. Baada ya kuchelewa mwezi mmoja, mkopeshaji anaweza kukupa notisi, na sheria inakupa angalau miezi mitatu ya kurekebisha. Baadaye kuna notisi ya siku 40 ya kuuza, na dalali naye hutoa siku 45 za kulikomboa. Bei nayo haiwezi kuwa ya kutupa; lazima shamba lithaminiwe kwanza.

Hiyo yote ni zaidi ya nusu mwaka, na wakati wa kuongea ni mwanzoni kabisa, ule mwezi mvua imekosa na unajua ndengu hazitakuwepo. Nenda kwa mkopeshaji kabla hajakuita. Uliza kabla ya kutia sahihi kama wanaweza kupanga malipo yafuate mavuno, kiasi kikubwa Februari na Machi, kidogo miezi ya njaa. Baadhi ya sacco za wakulima hukubali. Nyingine zitakataa, na ni bora kujua hapo.

Anayekupigia simu

Mahali palipo na nyumba za serikali, kuna mtu atakayekupigia akisema ametoka ofisi ya nyumba, jina lako limetoka, tuma Sh2,500 za faili leo kabla ya saa kumi. Mteja wetu mwingine alituma mara tatu, mara ya tatu ili arudishiwe zile mbili za kwanza. Akiba ya Boma Yangu hulipwa ukiwa umeingia kwenye akaunti yako mwenyewe ya tovuti ya serikali, wala hailipwi kwa namba ya mtu binafsi. Ukiona jina la binadamu linatokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN, simama hapo. Na PIN yako hatuiulizi sisi, haiulizi sacco, haiulizi serikali. Stetimenti huja ikiwa imefungwa kwa kodi. Mpe mkopeshaji faili mbele ya macho yako, kwa sababu ndani kuna namba na majina ya watu wengine pia. Kama umetuma kwa makosa, tupigie mara moja, si jioni. Pesa ambayo haijatolewa bado tunaweza kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, kilichobaki ni polisi.

Mama wa ndengu hajaomba mkopo wowote hadi sasa. Amekwenda kwa chifu na shemeji zake wawili na wifi aliyeolewa Kitui, na barua imetoka ikiwa na majina yote manne. Matofali ameyafunika na mabati ya zamani kabla ya Oktoba. Kijana wa Thika amejiunga na sacco ya kazini na anaweka Sh1,500 kila mwezi, mbali na zile Sh360.